Kocha wa Kitambaa Chekundu

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Kocha hajafa, kwa hiyo mimi nitamsema. Nitayasema na mazuri yake, msidhani nitayaficha, maana mtu uliyemwekea kinyongo miaka kumi na moja unamjua kuliko unavyomjua mume wako. Jina lake silitaji. Dzaleka nzima tulimwita Kocha, hata mchungaji alimwita hivyo madhabahuni, na mimi sina haja ya kumpa heshima zaidi ya hiyo.

Alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa mlangoni pa nyumba yake ya matofali mabichi, hatua chache kutoka kwenye mabomba ya maji, na kila mwanamke aliyekwenda kuchota maji alipita mbele yake akapimwa kwa macho. Futi ya kushonea ilikuwa shingoni mwake siku zote. Kanisani ilikuwa shingoni. Kwenye maziko ilikuwa shingoni, na watu walinong'ona kwamba anampimia marehemu koti. Wengine walisema anaoga nayo. Mimi nasema analala nayo, na siombi radhi.

Kwa futi hiyo hiyo alitupimia njia ya mbio. Ina mita moja na nusu, hebu fikirieni. Alitaka njia ya mita elfu moja na mia tano, kwa hiyo akaipima mara elfu moja, amepiga magoti kwenye vumbi, kuanzia mabomba, kuzunguka uwanja wa mpira, kushuka barabara ya kwenda Dowa mpaka kwenye daraja dogo. Alifanya kazi hiyo siku mbili. Akipoteza hesabu alirudi mwanzo. Watu waliokuwa kwenye foleni ya mgao wa mahindi walimcheka mpaka wakashika mbavu.

"Munacheka?" aliwauliza bila kuinuka. "Batu ya Sydney banakimbia mita elfu moja na mia tano. Mi sitaki mutu aseme ile ya Dzaleka ni fupi."

Hapo niliona kwamba huyu mzee ana kichaa, na kwamba ni kichaa changu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Vita ya kwanza ilimchukua baba, ya pili ikamchukua mama na nyumba, na mimi nikatembea kutoka Fizi, nikavuka ziwa na nchi nzima ya Tanzania na shangazi yangu mpaka Malawi. Walituweka Dzaleka, mahali palipokuwa jela kabla ya kuwa kambi, na kuta za jela bado zilikuwepo. Kila mtu kambini alikuwa anangoja kitu. Kocha peke yake alikuwa na haraka.

Ule ulikuwa mwaka wa Olimpiki ya Sydney. Sisi wengine tulihesabu miaka kwa vita, yeye alihesabu kwa mbio. Hakusema Machi, alisema "wakati wa mbio za nyika," kwa sababu mwezi huo dunia ilikutana Ureno kukimbia kwenye majani. Hakusema Julai, alisema "wakati wa Ulaya," kwa kuwa wakimbiaji wakubwa walikuwa wakihama mji kwa mji huko. Ungemsikia analalamika kwa mgawaji wa chakula: "Mafuta tulipata mwisho wakati wa nyika, na sasa Ulaya inaisha!" Yule Mmalawi alimtazama tu, akageukia mtu aliyefuata.

Matokeo yote aliyapata kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na aliyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ndani wa nyumba yake. Majina ya watu hakuandika. Aliandika nchi: Kenya, Etiopia, Maroko, Rumania, na muda wao mbele. Chini yao alituandika sisi wanafunzi wake kwa mahali tulikotoka. Mimi nilikuwa "Fizi." Kwenye ukuta ule mimi nilikuwa nchi, bwana. Nilikuwa sina kitambulisho, sina viatu, na nilikuwa chini ya Rumania. Nilikwenda kujisoma mara nyingi kwa kisingizio cha kuomba uzi.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu kitambaa, kwa sababu ugomvi wetu wote unatoka hapo. Siku ya kwanza kabisa ya mazoezi Kocha alituanzisha kwa kugonganisha mbao mbili. Paa! Tulikuwa kumi na wawili. Tisa tulilala chini, mikono kichwani. Wawili waliingia kwenye shamba la mahindi la mwenyeji na hawakuonekana mpaka mchana. Mmoja alisimama pale pale akajikojolea, msichana mkubwa kabisa. Hakuna aliyecheka. Kocha aliziangalia zile mbao mkononi kama mtu aliyegundua ameshika nyoka, akazitupa, akaingia ndani. Alitoka na kipande chekundu cha bitana ya koti. Akakiinua juu.

"Nikishusha hii, njo munaenda," alisema. "Mulio hapana tena."

Tangu siku hiyo mbio zote za Dzaleka zilianza kimya. Watu wa kambi nyingine wangeshangaa: wasichana na wavulana wamejipanga, hakuna filimbi, hakuna kelele, kitambaa kinashuka na vumbi linaruka. Kwa jambo hilo tulimpenda. Shangazi yangu, ambaye hakumsifu mtu yeyote tangu tulipoukimbia mji wa Uvira, alisema, "Huyu papa iko na roho."

Alikuwa nayo, na alikuwa na nyingine pembeni. Alichukia kuchelewa, ukichelewa mazoezi unakimbia peke yako huku wenzako wamekaa wanakutazama. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika kanisani kabla ya mahubiri kwisha, na nguo za Krismasi alizimaliza Pasaka. Alichukia machozi. "Machozi ni maji, na maji unahitaji kwa mita mia ya mwisho," alisema, na siku Mhabeshi alipompita Mkenya kwa kifua tu kwenye mstari wa mbio za mita elfu kumi, jua la saa sita likiwaka, alilia mbele ya redio yake mpaka mke wa jirani akaja kuuliza nani amefiwa. Alitukataza kutazama nyuma tunapokimbia. "Usigeuke. Nyuma tunakujua." Yeye mwenyewe akishona alikuwa anageuka kila baada ya mishono michache kuangalia mlango wa nyuma.

Na alitufundisha kisasi. Msiseme mimi nilizaliwa na roho mbaya, nilifundishwa na fundi. Kabla ya mbio alitwambia kila mmoja amtafute moyoni mtu mmoja, yule aliyemchomea nyumba, aliyemfukuza, aliyemuulia. "Mumoja tu, bengi banachosha." Basi tunakimbia, na tukifika kwenye kona ya mwisho, yeye anakimbia pembeni na futi inaruka shingoni, anapiga kelele: "Taja! Taja!" Tunamtaja mtu yule kwa sauti, kila mmoja wake, na miguu inapata moto. Mimi nilimtaja askari mmoja mwenye kofia ya sufu, jina lake silijui, nilisema "Kofia! Kofia!" na niliwapita wote.

Mchungaji alikuja kumkanya. Akamwambia kisasi ni cha Bwana. Kocha akajibu, "Bwana atachukua kwa wakati wake, Pasita. Mi nahitaji sekunde ine tu."

Siku ile ile aliyomlilia Mhabeshi, mwanamke wa Msumbiji alichukua dhahabu ya mita mia nane. Msumbiji ni hapa, ukipanda mlima unaiona. Kocha alitoka nje anapiga kelele, "Musumbiji! Mama wa hapa na hapa!" Alikuja kunitoa kwenye foleni ya maji, ndoo yangu ikapoteza zamu, akanipeleka ukutani. Alikuwa ameandika Msumbiji juu kabisa. Chini yake kulikuwa na Austria na Uingereza. Akazifuta zote mbili kwa kiganja, na mahali pao akaandika Fizi. Sikumkumbusha kwamba yule alikimbia mia nane na mimi nakimbia karibu mara mbili yake. Nani angemkumbusha? Nilikuwa wa pili duniani.

Mwezi uliofuata, joto likingoja mvua, kulikuwa na mbio Lilongwe. Mzungu mmoja, mwalimu wa riadha, alikuwa amekuja kuchagua wasichana wawili wa kwenda kusoma na kukimbia nje, na mbio zilikuwa wazi kwa kila msichana, hata wa kambini. Kocha alikwenda kwa miguu mpaka barabara kuu, akadandia lori la mjini kwenda kuniandikisha. Shangazi aliuza kitenge chake cha mwisho nikapata raba. Sikulala wiki nzima. Kila kitu nilichokuwa nangoja tangu Fizi kilikuwa kwenye mita elfu moja na mia tano, na mita hizo nilikuwa nazijua kwa mara elfu moja za futi yake.

Tulifika uwanjani asubuhi. Watu wengi, ngoma, chipsi, wasichana wa shule na kaptura zinazofanana. Nilijipanga mstarini, nikatafuta kitambaa. Nilitazama kulia, nilitazama kushoto. Niliona mtu mnene mwenye kofia anainua mkono, na mkononi kulikuwa na kitu cheusi.

Paa!

Kumi na mmoja walikwenda. Mimi nilikuwa chini, mikono kichwani, mdomo umejaa changarawe. Na sikuinuka. Nilijua, jamani, baada ya pumzi moja nilijua kabisa ni mbio, nilisikia raba za wenzangu zinaondoka. Lakini mama alinifundisha Fizi: usiinuke kwa mlio wa kwanza, ngoja wa pili, wa pili njo unaua wenye haraka. Nikangoja wa pili. Haukuja. Uwanja mzima ulikuwa unacheka.

Yule mnene akaja, akauliza watu waliosimama pembeni, "Ndi wandani uyu?" Huyu ni wa nani? Kocha alikuwa hapo hapo, karibu kiasi kwamba niliona nyuzi kwenye suruali yake. Aliinama kunitazama. Na alipoinama niliona masikioni mwake: pamba. Pamba ya kijivu, ile wanayotia mafundi kwenye mabega ya koti, amesokota vizuri, moja kila sikio.

Alijua. Alijua kutakuwa na bunduki, akayaziba masikio yake, akanileta mimi na yangu wazi.

Akainuka, akamwambia yule mtu, "Sindikumudziwa." Kichewa changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji na chumvi, lakini hilo nililielewa. Simjui. Alisema hivyo, akakunja kitambaa chake chekundu, akatembea kuelekea lango. Petro alisema mara tatu na alikuwa anatishiwa kifo. Huyu alisema mara moja, na hakuna aliyemgusa.

Nilirudi Dzaleka nyuma ya lori la saruji na watu nisiowajua. Asubuhi yake nilikwenda nyumbani kwake na kitambaa kibichi, yeye ameketi kwenye mashine, nikapita bila hodi, nikafuta neno Fizi ukutani. Nilisugua mpaka udongo ukatoka. Aliendelea kushona. Neno lile hakuliandika tena. Tangu hapo sikukimbia hata kuwahi mvua.

Lakini kutaja sikuacha. Kofia nilimsahau. Nikitwanga, nilimtaja Kocha. Nikibeba ndoo, Kocha. Nikiwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, muuguzi ananiambia sukuma, nilipiga kelele "Kocha!" na mume wangu akaja kuniuliza baadaye huyo ni nani. Sikutaka afe. Kufa ni rahisi, kila mtu anakufa. Nilitaka siku moja tu, tena mchana, mbele ya watu: aanguke chini, wacheke, halafu mtu anigeukie aniulize kama namjua. Jibu langu nilikuwa nalo tayari. Nililifanyia mazoezi kama alivyonifundisha kuanza mbio.

Tulihamia Lilongwe, tukapanga chumba Kawale, nami nikapata meza ya kuuzia usipa soko la Tsoka. Usipa ni dagaa wa Ziwa Malawi. Wanakwenda vizuri kwa nsima, ugali wa huku. Mwaka wa kumi na moja tangu ile siku ya uwanjani, mzee mmoja alisimama mbele ya meza yangu, akachukua samaki mmoja, akamnusa.

"Mama, hii imekauka sawasawa?"

Futi ilikuwa shingoni. Namba zake zilikuwa zimefutika, imebaki kama utepe wa manjano. Yeye amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Nilisimama tu, mguu mmoja mbele, sijui kwa nini nilisimama hivyo, na yeye akanitazama miguu kwanza kabla ya uso.

"Fizi," akasema.

"Fizi iko Congo, Papa. Hapa ni Tsoka."

"Nilikuya kuonesha jicho hospitali. Sikujua we uko hapa."

"Ungejua usingepita."

Akamrudisha samaki mahali pake taratibu. Mama wa Kimalawi anayeuza nyanya jirani yangu akaacha kupanga nyanya.

"Pamba," nikamwambia. Ndilo neno lililotoka, katika maneno yote niliyoyaweka miaka yote ile. "Ulikuwa unajua kutakuwa bunduki. Ukatia pamba."

"Nilitia."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Mukimbiaji akitia pamba anachelewa kuondoka."

"Sikuuliza kutia! Nimeuliza juu ya nini hukuniambia!"

Akaishika futi kwa mikono miwili, juu na chini, kama anayetaka kupima kitu na hakioni. "Ningekwambia, ungekuya?"

Nisingekwenda. Mimi na yeye tulijua. Ningebaki Dzaleka nimekaa kwenye ndoo, na shangazi angekuwa na kitenge chake. Lakini mimi sikumngoja miaka kumi na moja aje kunipa jibu zuri.

"Na kunikana? Hiyo nayo ni ya mbio?"

"Hapana," akasema. "Hiyo ni haya. Batu balicheka, nikasikia haya. Ile mbao ya siku ya kwanza, mi pia nililala chini siku ile, huko ndani ya nyumba. Hamukuniona. Nilipokuona uko chini uwanjani niliona ni mi."

"Basi ulijikana mwenyewe. Mimi unaniambia ya nini?"

Akaokota samaki mwingine, akamnusa. Na niliwaza: huyu hataanguka. Atanunua usipa, ataondoka na futi yake, atakufa kwa jicho au kwa uzee, na mimi sitaulizwa. Nikachukua pakiti, nikaanza kumpimia ili aende zake.

Kabaza akapita nyuma yake, kijana wa baiskeli ya kubebea watu, lakini safari hii amebeba magunia mawili ya mkaa. Tairi la nyuma likapasuka.

Paa!

Sijui nilivukaje meza. Nilipopata akili nilikuwa chini kwenye matope ya soko, usipa wametapakaa kila mahali, mikono yangu imefunika kichwa, na kichwa hicho hakikuwa changu. Kocha alikuwa chini yangu, uso kwenye maganda ya mahindi. Nilikuwa nimemvuta, nimemwangusha, nimemlalia mwili mzima kama mama anavyomlalia mtoto wake. Futi yake ilikuwa kati ya meno yangu.

Soko likaangua kicheko. Wenye vitunguu walicheka, wenye mitumba walikuja kuona, kijana wa kabaza mwenyewe alicheka ameshika tairi. Ilikuwa mchana, mbele ya watu. Yule mama wa nyanya aliinama, machozi ya kicheko yanamtoka, akaniuliza, "Amayi, mukuwadziwa bambowa?"

Mama, unamjua mzee huyu? Neno kwa neno. Mungu ana dharau zake.

Nikaitema futi. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Sindikuwadziwa!"

Wakacheka maradufu. Na kutoka chini yangu, kwenye maganda, nikasikia ile sauti ya kona ya mwisho, imechoka lakini ni ile ile.

"Toka juu yangu kwanza, njo unikane."

Nilitaka kutoka. Kisasi changu nilikuwa nimekipata, nilikuwa nimekisema kwa kinywa changu, kilichobaki ni kuinuka nijikung'ute. Mkono wangu ukazidi kumkandamiza kichwa.

"Ngoja, Papa," nikamwambia. "Mlio wa pili bado."